Mtu wa Uzi Mwenye Kwikwi

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa zile wiki sita nilizokaa kimya. Mimi mzima wa afya, nakula, nalala, na kama mama amekuambia nimekonda usimsikilize. Picha niliyomtumia ilipigwa kwa upande. Mkazamjomba hajambo? Mgongo umemwacha kidogo? Mwambie lile sweta alilonifumia linavaliwa kwa zamu, asubuhi mimi, jioni mwenzangu wa chumba.

Bado tunakaa chumba kilekile juu ya duka la baiskeli. Mwenzangu anasomea uchongaji, kwa hiyo vumbi la mawe tunalikuta hadi kwenye sukari. Meza yangu ya kazi ni mlango mbovu uliolazwa juu ya matofali, na juu ya mlango huo nimejenga mtaa. Usicheke. Nyumba ni za kadibodi, barabara ni mchanga nilioupaka gundi, watu ni vifungo na vifuniko vya chupa, na kuna mama mmoja mnene ambaye ni kijiko cha mbao kilichovikwa gazeti. Nasogeza kila kitu kidogo, napiga picha, nasogeza tena, napiga tena. Picha zikipitishwa haraka haraka mtaa unaamka, watu wanakwenda zao. Siku nzima ya kazi inanipa sekunde nne.

Sasa nifike penyewe, maana najua umeshaanza kujiuliza huyu mtoto anataka nini.

Filamu yangu ya mwaka jana ilikataliwa. Mama hajui, nilimwambia matokeo yamechelewa, na mpaka leo yanachelewa. Sheria ya chuo ni kwamba ukikataliwa mara mbili unafungasha. Filamu ya safari hii inaonyeshwa mbele ya watahini tarehe 22 Mei, na wakiikataa narudi nyumbani kusomea uhasibu, kama mama alivyotaka tangu mwanzo. Wewe ndiye uliyenisemea kwake. Sitaki akuambie "si nilikwambia."

Katika mtaa wangu nataka mtu mmoja aliyeshonwa kwa uzi. Wengine wote ni makopo na kadibodi, yeye peke yake ni kazi ya sindano. Nimemchora kwenye karatasi mia moja na ishirini, na nakutumia karatasi hizo pamoja na vipande mia na ishirini vya kitambaa cha kijivu. Kila karatasi ina namba na kila kipande kina namba. Nilijaribu kumshona mwenyewe kwa mkono. Mmoja alinila mchana mzima na akatoka kama kiazi kitamu. Wewe kwa cherehani yako ni kazi ya kupiga mluzi. Maelezo yote ni marefu, utayaona filamu ikiisha. Ila usichanganye namba, tafadhali.

Na mama asijue.

Mpwa wako,
Wino

*

Tarehe 19 Februari

Kwa mpwa wangu Wino, mchafua mashuka,

Marahaba zote mbili zimefika. Sisi huku hatujambo. Mgongo wa mkazamjomba wako umepona, sasa amehamia kwenye goti, anasema hataki mwili ukae bure. Mama yako alipita hapa Jumapili akaniuliza kama nimepata habari zako. Nikamwambia unasoma kwa bidii. Akanitazama, nikajifanya natafuta mkasi. Dada yangu huyo alizaliwa mwalimu, akikutazama unajikuta unataka kunyoosha kidole.

Mzigo wako niliupokea kwa kondakta wa basi. Nimeufungua mbele ya wateja wawili na wote wameuliza kama nimeanza kushona nguo za panya. Nikawaambia huyo ni mpwa wangu, anasomea sanaa, nyinyi mnajua nini.

Kazi nimeikubali. Lakini nipe muda, maana shule mbili zimeniletea sare zao kwa pamoja, na kama unavyojua sare ndizo zilizojenga nyumba hii. Miaka thelathini na moja nashona sare. Niletee sketi ya kwanza na ya mia mbili, uzichanganye, kisha uniambie ipi ni ipi. Huwezi. Hata mimi siwezi. Huo ndio ufundi. Yule mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, Macho Manne, tangu avae miwani yake minene anashona shati moja mikono miwili tofauti, halafu anamwambia mteja ndiyo mtindo. Kila nikipita namwuliza kama ananiona au nisogee.

Michoro yako nimeipitia. Nimekuta kasoro ambazo lazima zirekebishwe, lakini usiwe na wasiwasi, hilo niachie mimi. Ndiyo maana mtu akapewa mjomba.

Halafu ukiniandikia tumia herufi kubwa kubwa. Wino wa siku hizi ni hafifu sana, sijui wanatia maji. Na usinitumie ujumbe wa simu, ile simu ni ya kupokea tu.

Mjomba wako,
Fundi

*

Tarehe 4 Machi

MJOMBA, SHIKAMOO. HERUFI ZINATOSHA?

Nacheka tu. Nimefurahi mpaka nimemsomea mwenzangu barua yako yote, naye analisalimia goti la mkazamjomba. Mimi sijambo, mafua yalikuja yakaondoka. Mtaa unaendelea. Juzi nimetengeneza mvua kwa nyuzi za nailoni na chumvi, ikaonekana kama mvua kweli, kisha mwenzangu akafungua dirisha na mvua yangu ikaruka ikaingia kwenye chai.

Sare kwanza, naelewa. Ila vipande vikinifikia baada ya katikati ya Aprili nitakuwa nimekwisha. Mwalimu wangu wa filamu, ambaye hasifu kitu, alipoona mtaa mtupu alisema, "Mtaa upo. Sasa tumwone huyo mwenye mtaa." Nimemwambia anakuja kwa basi.

Wino

*

Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima. Mama yako amepandishwa cheo, sasa ni mwalimu mkuu msaidizi, kwa hiyo hata mimi nimeanza kumpigia saluti. Mkazamjomba wako amekusalimu. Siku hizi ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano. Si kwamba nashindwa, ni mapenzi tu, tumezeeka vizuri.

Sasa kaa chini nikupe raha. Vipande vyako vimekwisha, vyote mia na ishirini, na vinakuja na barua hii. Nilivifanya kwa siku kumi na mbili mfululizo, baada ya kufunga kazi za shule, na sijisifu lakini sijapata kufanya kazi safi kama hii.

Nikwambie nilivyofanya, ujifunze. Nilipopanga karatasi zako kwa namba niliona tatizo mara moja. Mwanangu, mkono wako unachoka. Namba moja mtu amesimama sawasawa, namba kumi bega limeshuka, namba ishirini mguu umekwenda huku, namba sitini sijui ameshika nini kichwani. Hakuna karatasi mbili zinazofanana! Nikajisemea ndiyo maana walimkataa mwaka jana, maskini, na hakuna aliyemwambia. Basi nikachagua mmoja aliyekaa vizuri kuliko wote, namba thelathini na saba, amesimama wima, mikono mfukoni, mtu wa heshima. Nikaitoboa ile karatasi kwa sindano kufuata mstari wote, nikaiweka juu ya kitambaa, nikapiga unga wa chaki juu yake. Chaki ikapita matunduni na mtu akabaki chini kwa nukta. Nikafuata nukta kwa cherehani. Hivyo hivyo mara mia na ishirini.

Sasa unao watu mia na ishirini, pacha watupu. Wewe wasogeze unavyosogeza vile vijiko vyako. Mwalimu wako akisema kitu safari hii mwambie aje aseme na mimi.

Mjomba wako,
Fundi

*

Tarehe 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi huku wazima. Mpe mama hongera zangu. Mkazamjomba msalimie. Habari za goti?

Vipande vimefika vyote na namba zimekaa sawa. Vimeshonwa vizuri sana. Ahsante mjomba.

Huku kuna baridi kidogo. Nasoma.

Wino

*

Tarehe 26 Aprili

Wino mwanangu,

Barua yako niliigeuza nyuma nikidhani kuna mengine. Hakuna. Umeniuliza habari za huku na habari za goti, ukaniambia kuna baridi. Tangu lini wewe ukaniandikia habari za baridi? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimefanya kazi na wateja. Mteja akisema "nzuri sana" huku anaikunja haraka bila kuijaribu, fundi anajua suruali haipiti kiunoni.

Nimekaa na hilo jambo siku tatu nikimwuliza mkazamjomba wako nimekosea wapi, naye ananiambia mwulize mwenyewe. Kisha jana cherehani ilikuwa inayumba mguu mmoja, nikatafuta kitu cha kuweka chini yake, nikachukua zile karatasi zako. Nikazigonga mezani zikae sawa, nikazipitisha kidole gumba pembeni kama mtu anayehesabu kurasa.

Yule mtu akatembea.

Nikasimama. Nikapitisha tena. Akanyanyua mguu, akashuka kwenye ukingo wa barabara, akavua kofia akamsalimia mtu, akaivaa, akaenda zake. Nikamwita mkazamjomba wako, nikamwonyesha, akaniambia rudia, nikarudia. Tulirudia labda mara ishirini, na kila mara akivua kofia mkazamjomba wako anaitikia salamu. Halafu nikaelewa nilichokufanyia, nikakaa chini.

Mimi nilidhani utamsogeza wewe, kama ulivyoniambia unasogeza nyumba na vifungo. Sikujua kwamba amekwisha kusogezwa kwenye karatasi. Umenitumia mtu anayetembea, mimi nimekurudishia mlingoti. Na nikakuambia mkono wako unachoka! Naona aibu, mwanangu, sikufichi. Usiku nilikuwa namwona mama yako ananiambia "si nilikwambia," na safari hii kosa si lako.

Nirudishie vitambaa kwa basi la kwanza. Nitafumua, nitashona upya kama ulivyochora, sare za shule zisubiri. Ikishindikana nitakuja mwenyewe nizungumze na hao watahini. Na kama ni kufungasha, mimi ndiye nitakayemwambia mama yako ukweli wote.

Mjomba wako

*

Tarehe 6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na usijitese. Kosa moja haliachi mke, litaacha mjomba? Na kosa lenyewe ni letu wawili. Nilikuandikia kurasa mbili za vumbi na sukari, na jambo la maana nikakuambia utaliona filamu ikiisha. Mvivu wa kueleza ni mimi.

Sasa nikwambie ukweli, maana barua ile ya baridi nusura inishinde hata kuituma. Siku mzigo ulipofika nilipanga vipande vyote sakafuni, chumba kizima, mpaka chini ya vitanda. Mia na ishirini, wote wamenitazama, mikono mfukoni. Nilikaa katikati yao nikala mkate mkavu nikawaza uhasibu. Nililia kidogo. Kuvirudisha haikuwezekana, basi peke yake ni siku tatu kwenda na tatu kurudi, na ningekuambiaje? Ulikuwa umefurahi sana kwenye barua.

Mwenzangu ndiye aliyesema, "Vipige picha tu. Kuzika bila kumwona maiti si heshima." Tukavipiga, kimoja kimoja, kwa kufuata namba. Siku mbili. Tukaviwasha kwenye kompyuta, vipande sita kwa kila sekunde.

Mtu wako amesimama. Amesimama. Amesimama. Kisha, *hik*. Bega likaruka, kola ikapanda, kifungo kikahama. Akatulia tena. Amesimama. Halafu, *hik*. Mjomba, mtu wako ana kwikwi! Mwenzangu alianguka kitandani kwa kucheka, mimi nikacheka mpaka wa baiskeli chini wakagonga dari kwa fimbo.

Usiku huohuo filamu nzima ikabadilika kichwani mwangu. Sasa ni hivi: bwana mmoja wa heshima amesimama katikati ya mtaa na kwikwi imemshika. Hawezi kwenda popote. Mama Kijiko anamletea maji. Vifungo vinampiga mgongoni. Mtu wa kopo anavaa kinyago cha gazeti amtishe. Kila mmoja ana dawa yake na kila mmoja anagombana na mwenzake kwamba dawa ya mwenzake ndiyo mbaya. Mwisho kwikwi inawaingia wenyewe, mmoja mmoja, mpaka nyumba za kadibodi nazo zinaruka. Nimeanza kupiga tangu tarehe kumi na saba Aprili na silali sana, lakini naona njia.

Lakini nina neno moja, mjomba, na ukinijibu kwa utani nitajua jibu. Nilihesabu. Ile kwikwi haiji ovyo. Kipande cha kwanza mpaka cha nane kila kitu kimenyooka, huwezi kuona tofauti. Cha tisa na cha kumi mshono unatoka nje ya nukta. Cha kumi na moja mpaka cha kumi na nane kimenyooka. Cha kumi na tisa na cha ishirini, tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku kumi na mbili, ulisema mwenyewe, ndiyo vipande kumi kwa siku. Viwili vya mwisho ulivishona jua likiwa limekwenda, na nukta hukuziona.

Ndipo nikakumbuka wino hafifu. Na simu ya kupokea tu. Na uzi unaotungiwa kwa mapenzi. Nilicheka kwanza, kisha sikucheka tena. Kwa nini hukuniambia?

Wako,
Wino

*

Tarehe 15 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Sote wazima, macho pia.

Kwanza, siku zile kulikuwa na mawingu. Pili, mkazamjomba wako alikuwa ananisemesha. Tatu, wewe ndiye uliyeleta kitambaa cha kijivu kama jivu, chaki juu yake nani ataiona? Nne, sindano ilikuwa butu.

Nimezisoma sababu zangu nimeona ni nyingi mno. Mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nne.

Basi ndiyo. Tangu mwaka juzi. Asubuhi naona, mchana naona, jioni kitambaa na uzi vinakuwa kitu kimoja, na herufi ndogo zinaogelea. Naenda kwa kuzoea, mkono unajua njia. Mkazamjomba wako anajua kidogo, nusu namficha. Sikusema kwa sababu fundi asiyeona ni nani? Shule zikisikia watachukua sare zao wampelekee Macho Manne, na mimi niliyemcheka miaka yote hiyo nitakaa mlangoni nikimtazama anavyofungua marobota yangu.

Kwa hiyo nakuomba kitu, na sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Vitoe vile viwili viwili vibovu. Ni vipande ishirini na vinne tu, vitabaki tisini na sita vizuri. Sijawahi kumtolea mtu nguo mbovu dukani, na sasa unataka kuwakalisha wasomi gizani wakicheke kilema changu ukutani? Mimi nilikusemea kwa mama yako. Nifichie hili.

Mjomba wako

*

Tarehe 29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na lililo zito, salamu zitafuata.

Barua yako ilinifikia tarehe 25. Filamu ilionyeshwa tarehe 22. Sikukitoa hata kimoja. Na nikuambie kweli, hata ingefika mapema nisingejua la kufanya, maana vipande tisini na sita bila kwikwi ni picha ya bwana aliyesimama, na picha ya bwana aliyesimama ni uhasibu.

Ilikuwa hivi. Watahini watatu, ukumbi una joto, na walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Mbele yangu walipita wanafunzi saba na hakuna aliyepata hata tabasamu. Mmoja wao, bibi mwenye mvi, alikuwa anachora maua pembeni ya karatasi yake ya alama. Nikaweka yangu. Mtaa ukaamka, mvua ya chumvi ikanyesha, mtu wako akasimama. *Hik*. Bibi akaacha kuchora. *Hik*. Yule wa kati akakohoa, kumbe si kikohozi, ni kicheko anakizuia. Mama Kijiko alipoanza kugombana na kopo wakaachia wote, na wanafunzi nyuma wakaachia, na mwalimu wangu asiyesifu kitu akafuta macho kwa tai.

Taa zilipowashwa yule bibi akaniuliza, "Hiyo kwikwi umeipangaje? Mtu mzima akijaribu kuigiza kwikwi huonekana mwongo. Hii ni ya kweli."

Hapo ningeweza kusema nimepanga. Nilikuwa na jibu zuri la kisomi tayari. Lakini nilipofungua mdomo nikaona ni wizi. Nikasema, "Sikuipanga mimi. Mtu huyo kashonwa na mjomba wangu, fundi wa sare. Hapo panaporuka ndipo jua lilipozama na haoni tena, lakini aliendelea kwa sababu alijua nina haraka."

Bibi akaandika. Kisha akasema ahsante, mwingine aingie.

Nimepita, mjomba. Naingia mwaka wa tatu.

Kwa hiyo nimeitoa siri yako mbele ya watu kabla ombi lako la kuitunza halijanifikia. Nisamehe. Hawakijui kijiji wala jina, wanajua tu kuna fundi mahali. Lakini wewe unajua, na mimi najua, na inaniuma kwamba mara ya kwanza kuniomba kitu imekuwa hivi.

Ili tuwe sawa nimetoa na mimi siri yangu. Siku ileile nilimpigia mama nikamwambia kila kitu, kuanzia kukataliwa mwaka jana. Kisha akauliza, "Matokeo yanachelewa mwaka mzima, mimi mwalimu wa miaka ishirini na sita, ulidhani naamini?" Halafu akataka nimtumie filamu.

Zamu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya si maradhi hata, ni vioo viwili na fremu. Nenda kwa daktari wa macho. Zile filamu zangu zijazo unadhani nitampa nani?

Msalimie mkazamjomba, na goti.

Mpwa wako,
Wino

*

Tarehe 20 Juni

Wino wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu,

Marahaba, marahaba, na hongera. Mkazamjomba wako alipiga kigelegele barua ikiwa bado mkononi mwangu, nikaimaliza kuisoma masikio yanalia. Mama yako amekuja hapa na filamu kwenye simu yake. Aliniambia maneno yake kwanza, robo saa nzima, nimesimama. Kisha akasema, "Lakini ulisema kweli kuhusu yule mtoto." Nilimwomba arudie akakataa.

Barua hii nimeiandika kwa herufi za kawaida. Umeona? Nilikwenda. Daktari ni kijana mdogo, akanionyesha herufi ukutani, nikamsomea zile kubwa kwa sauti ya mkutano, zile ndogo nikamwuliza kama kweli zipo. Nikatoka na miwani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Macho Manne, kabla hajanifuata. Nikasimama mlangoni kwake nikangoja anicheke. Akaniangalia, akachukua miwani yangu, akaifuta kwa kitambaa chake maalumu, akanirudishia, akasema, "Usifute kwa shati, inakwaruzika." Basi. Miaka yote namcheka, yeye kanipa kitambaa. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa sioni hata pindo.

Maana mapindo nimeyaona sasa. Asubuhi nimekaa mlangoni watoto wakienda shule, sare zangu mwenyewe, na mifuko inatazama juu na kushoto! Nimewaita wote niwanyooshee, bila malipo, foleni inafika kwa muuza viatu. Walimu wakuu wote wawili wamekuja kuuliza kulikoni. Niliwaambia macho yalichoka, nimevaa miwani, kazi inarekebishwa. Nilishika roho mkononi. Mmoja akasema, "Sawa fundi, za muhula ujao zitakuwa mia tatu." Miaka miwili nimeogopa watakachosema, kumbe ni hicho tu.

Sasa filamu. Sikutaka kuitazama na watu. Mama yako aliniachia simu nikaingia nayo chumba cha cherehani, nikafunga mlango. Ile kwikwi ya kwanza ilipokuja niliona joto usoni, nikataka kuzima. Ya pili nikajikuta naingoja. Mama Kijiko alipoleta maji nikacheka, sikutaka, nikacheka tu, yule mama ni mkazamjomba wako mtupu.

Nikairudia, na safari hii nikahesabu. Kwikwi kumi na mbili kisha zinaanza upya, si ndiyo? Siku kumi na mbili. Mwanangu, nazijua moja moja. Ya kwanza ni siku mvua iliponyesha nikawasha taa ya ukuta, haikusaidia. Ya nne, ile ndogo, ni Jumapili, nilianza mapema. Ya saba ni kubwa kuliko zote, mtu karibu aanguke. Siku hiyo mkazamjomba wako aliniletea taa ya mkono, akasimama nyuma yangu aniangazie, na goti lile. Nikamfokea. Nilimwambia naona vizuri, aende zake, asinifanye mzee. Akaiweka taa chini akaondoka, nami nikashona viwili vya mwisho kwa hasira, gizani.

Wasomi wako walicheka hapo, nami sikuwalaumu. Nikasimamisha filamu palepale, nikaenda jikoni, nikamwambia nisamehe. Akauliza msamaha wa nini. Nikamshika mkono, nikamleta, nikamwonyesha ya saba.

Akaitazama mara mbili. Akasema, "Ningekuwa nimebaki na taa, mtoto angepata wapi filamu?" Kisha akavuta kiti akakaa, akaniambia niiwashe tangu mwanzo.

Mjomba wako,
Fundi